Daftari la Pipa

Ndugu yangu Mwachiti hapiki wali.
Apika vifuniko, madumu yaliyopasuka,
chupa za shampuu zilizosahau ziliosha kichwa cha nani,
vikaratasi vya mabuyu vyenye wekundu wa ndimi za watoto wa Jomvu.
Avishindilia ndani ya pipa, akaza boliti kumi na mbili,
azungusha udongo kwenye ukingo, mfuniko usipumue,
kisha anifukuza: kaa kule, na daftari lako.

Mimi ndiye karani.
Naandika: Jumanne. Kilo kumi na moja. Makumbi ya nazi, gunia na nusu.
Naandika saa pipa lilipoanza kuguna.
Naandika Bi Mwanashee alivyotoka na kanga zake mbichi mkononi
akauliza kama leo tena nguo zake zitanuka moshi wetu.
Mwachiti amwonyesha bomba linalorudisha mvuke chini ya pipa,
moto unaojilisha wenyewe.
Bi Mwanashee ashika pua.
Naandika: ameshika pua.

Tone la kwanza huchelewa kuliko deni.
Mrija wapita ndani ya beseni la maji baridi,
nasi twaukodolea tundu lake, hakuna anayetaka kupepesa.
Kisha, to.
Kisha, to, to.
Rangi ya chai ya mkandaa iliyowahi kuepuliwa.
Baba, ambaye macho yamemwacha tangu mwaka juzi,
ainua kichwa pale mkekani:
"Hiyo naijua. Hiyo ni Changamwe."

Miaka ishirini na sita alifungua na kufunga koki kiwandani kule,
mafuta yaingia meusi, yatoka na majina.
Ulimi wa moto juu ya mnara ulikuwa taa yetu ya choo:
tulikwenda uani usiku bila tochi.
Ulipozimwa, majogoo ya mtaa mzima yalikosea alfajiri.
Wakampa barua. Wakampa na saa ya ukutani,
ya plastiki, nyuma yake jina la baba,
herufi moja imekosewa.

Leo aliileta mwenyewe, akipapasa ukuta.
"Haisemi tena. Tia."

Mwachiti ana sheria: kinachoelea huingia, kinachozama hakiingii,
maana katika vinavyozama mna vyenye sumu ya kifua.
Aliondoa mishale, kioo, betri iliyovuja,
akalitua ganda juu ya maji ya ndoo
kwa adabu, kama alazaye mtoto aliyesinzia.
Likazama.

Nani atamwambia?
Niliishika kalamu nikaiangalia.
"Limezama," akasema baba. Alikuwa amesikia.
Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka tukamletea maji.
"Hata huku hawanitaki!"

Jioni, Mwachiti achuja kwa kitambaa cha fulana,
apeleka kwenye jenereta ya mashine ya kusaga, kwa Mama Nyevu.
Yakohoa. Yazimika. Yavutwa kamba tena.
Mama Nyevu asema yeye hana pesa ya kununua jenereta nyingine, tujue.
Yaunguruma,
na mahindi ya watu yaanza kushuka unga.

Naandika: lita saba na nusu.
Nafuta. Lita saba. Ile nusu ilinimwagikia mguuni.
Naandika pia, pembeni, kwa penseli, Mwachiti asione:
kilo kumi na moja zilitoka kwenye ufuo wa hatua arobaini.
Nimepita pale magharibi, maji yakitoka.
Hatua arobaini, pamejaa tena,
na kiatu cha mtoto juu, cha kushoto.

Ukurasa umekwisha. Nafungua mwingine, naandika tarehe ya kesho.
Saa imerudi kwenye msumari wake, ganda tupu, lingali linadondosha maji.
Baba auliza ni saa ngapi.
Nalitazama.
"Bado mapema," namwambia.